Kinda wa kasuku anayeuma: namna ya kumzoesha mkono

Jirani yangu wa hapa Makorora, Tanga, alinijia jioni moja kidole amekifunga kitambaa, damu imeshapenya. Kinda wake wa kasuku alikuwa na wiki mbili tu nyumbani na ameshamuuma mara sita. Ushauri aliopewa mtaani ulikuwa wa namna mbili: mpige kofi dogo la mdomo kila akiuma, au upake kidole pilipili. Nilimsihi asifanye hata mmoja, tukakaa barazani mpaka isha nikimweleza haya ninayoyaandika hapa.

Nianze na pilipili, maana wengi wanaiamini. Ule ukali unaotuwasha sisi, ndege hausikii. Ndiyo maana huko porini ndege ndio wanaokula pilipili na kusambaza mbegu zake. Kasuku wangu, Chiku, niliyemfuga mwaka wa tisa sasa, hutafuna pilipili nzima kama anavyotafuna karanga. Kofi nalo ni baya zaidi. Kasuku haliunganishi kofi na kosa alilotenda, analiunganisha na mkono uliompiga. Kesho mkono ukikaribia atauma mapema zaidi, kabla haujamfikia.

Kwa kasuku, kuuma ni neno la mwisho. Kabla ya hapo ameshasema maneno mengine kwa macho, kwa manyoya na kwa shingo, na hakuna aliyemsikiliza. Kazi yote unayoiona hapa chini ni ya kujifunza kuyasikia maneno ya mwanzo, mpaka naye aone kuwa kuyasema kunatosha.

Kabla ya kuanza: ndege ametoka wapi?

Hili nalisema kwa uchungu. Kinda aliyenaswa porini anauma kwa hofu tupu, na hakuna mwongozo utakaomrudishia alichonyang'anywa. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliye asili ya misitu ya Afrika ya kati na magharibi na huonekana pia kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, aliwekwa mwaka 2016 katika ngazi ya juu kabisa ya ulinzi ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Hapa nchini ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize habari za kibali kabla hujatoa pesa, si baada. Na wale kasuku wa kijani wenye kichwa cha kahawia wanaopita wakipiga kelele juu ya minazi ya pwani yetu, waache huko huko minazini.

Uliza pia kama kinda ameshaachishwa kulishwa uji kwa mkono. Anayeachishwa kwa pupa huwa na njaa na wasiwasi, na mdomo wake hautulii.

Hatua ya kwanza: jua kama kweli ameuma

Mdomo wa kasuku ni mkono wake wa tatu. Hupandia, hushikia, hupimia. Kinda anaonja kila kitu kama mtoto anayetambaa: kifungo cha shati, pete, ukucha wako. Huko si kuuma.

Liko jambo moja linalowakosesha karibu watu wote. Unamwekea kidole apande, naye, kabla ya kuinua mguu, anakishika kwanza kwa mdomo. Anapima kama kidole ni imara, kama vile mtu anavyoshika ukingo wa ngalawa kabla ya kuingiza mguu. Wewe unaona mdomo unakuja, unashtuka, unavuta mkono. Yeye amebaki ananing'inia. Mara ya pili anashika kwa nguvu zaidi ili usimponyoke, unapiga kelele, na mara ya tatu umeumwa sawasawa.

Hivyo ndivyo nilivyomharibu Chiku mwezi wa kwanza. Nilivuta mkono, akaanguka kwenye sakafu ya saruji. Hakuvunjika, lakini kwa wiki tatu hakukubali kidole cha mtu yeyote nyumbani, na kosa lilikuwa langu. Basi mazoezi ya mwanzo ni yako: kidole kisitikisike. Kama unaogopa, vaa shati la mikono mirefu, mpandishe kwanza kwenye kijiti badala ya kidole. Usivae glavu nene za ngozi. Makinda wengi huziogopa, na tena hazikufundishi kutulia.

Hatua ya pili: jifunze kumsoma

Kaa mbele ya kizimba siku mbili tatu bila kumgusa. Chukua daftari. Andika alichofanya na kilichotokea kabla yake: nani aliingia, saa ngapi, redio ilikuwa imewashwa, mkono ulitokea upande gani. Utashangaa. Jirani yangu aligundua kwamba mara nne kati ya zile sita aliumwa alipokuwa akiingiza mkono kuondoa bakuli la chakula.

Anza na macho. Mboni ya kasuku hupanuka na kusinyaa haraka haraka anaposisimka. Huenda ni furaha, huenda ni hasira, lakini vyovyote iwavyo si wakati wa kumpa kidole. Kwa kinda mdogo wa kijivu jicho bado ni jeusi, hivyo dalili hii utaiona vizuri zaidi akishakua na jicho kugeuka manjano hafifu.

Kisha manyoya. Akisimamisha ya kisogoni na mgongoni, akatandaza mkia, akainamisha kichwa na kuachama mdomo kidogo, anakuambia usisogee. Akifanya kinyume, yaani akabana manyoya yote mpaka akaonekana mwembamba, shingo ndefu, mwili umeegemea nyuma, hiyo ni hofu. Watu huona ndege mwembamba aliyetulia wakadhani ni mtulivu, wakaingiza mkono. Huyo ndiye anayeuma vibaya kuliko wote, kwa kuwa hana pa kukimbilia.

Ndege aliye radhi manyoya yake yamelegea, mguu mmoja huenda ameukunja, anasaga mdomo taratibu kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekwangua kifuu. Wakati huo ndio wako.

Ukiona dalili ya kukataa, simama. Rudisha mkono polepole, hatua moja, ungoje. Wapo watakaokuambia unamdekeza. Mimi naona unamwonyesha kuwa neno dogo linafika, kwa hiyo lile kubwa halihitajiki.

Hatua ya tatu: tengeneza nyumba kabla ya ndege

Nimeona makinda walioacha kuuma kwa sababu tu walianza kulala. Kasuku anahitaji usingizi wa saa kumi hadi kumi na mbili kila usiku. Hapa Tanga jua lenyewe linampangia, machweo mpaka mapambazuko, lakini sisi tunamweka sebuleni na runinga inawaka mpaka saa sita usiku. Mpeleke chumba tulivu, au funika kizimba kwa kanga nyepesi, upande mmoja ukiacha wazi. Wakati wa kaskazi joto letu ni kali. Usimfunike kwa blanketi.

Kizimba kiwe kwenye kimo cha kifua chako, upande mmoja ukutani. Kikiwa katikati ya chumba, watu wanatokea nyuma yake kila upande na kinda anashinda amejihami. Kiwe na nafasi ya kukunjua mabawa yote mawili bila kugusa nyaya. Tawi la mpera ni zuri kwa kutulia, kwa vile unene wake haulingani na miguu haichoki.

Chakula: mbegu za alizeti peke yake humnenepesha na kumnyima vitamini A. Mpe mchicha, karoti na pilipili hoho za Lushoto, boga, papai, embe, kunde zilizochemshwa bila chumvi, hindi bichi. Alizeti uziweke kando, ndizo zitakazokuwa malipo ya mazoezi. Parachichi usimpe hata kipande, linaweza kumuua. Vivyo hivyo chokoleti, kahawa na pombe.

Jambo la moshi linataka moyo mgumu katika nyumba za pwani. Mapafu ya ndege ni mepesi mno. Udi na ubani, jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuwasha, vyote vinamchosha, na ndege anayehema kwa shida huwa mkali. Ukifukiza udi, mtoe nje kwanza. Kikaango cha aina isiyogandisha chakula kikiungua hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili.

Hatua ya nne: mkono unaoleta

Mpaka sasa mkono wako umekuwa ukiingia kizimbani kuchukua: bakuli, uchafu, ndege mwenyewe. Kwa wiki moja uwe unaleta tu. Kila unapopita, dondosha mbegu moja ya alizeti kwenye kikombe kidogo, useme neno moja la upole, uondoke. Usisubiri kitu. Siku ya tatu au ya nne atakuwa anasogea akikuona. Hapo mpitishie mbegu kati ya nyaya, ukiishika kwa ncha za vidole. Akiichukua taratibu, msifu. Akinyakua kwa nguvu, tumia kipande kirefu cha karoti mpaka ajifunze ulaini.

Makinda wengine huchukua siku tatu, wengine mwezi. Usimlinganishe na wa mtu mwingine.

Hatua ya tano: kijiti cha kugusa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Inampa kinda kazi ya kufanya na mdomo wake, na kazi hiyo inamletea chakula.

Chukua kijiti cha mshikaki, kata ncha kali, ulainishe kwa msasa. Chagua neno fupi la kumwambia kwamba amepatia. Mimi natumia "safi", kwa sauti ile ile kila siku. Kwanza sema "safi" kisha mpe mbegu, mara kumi au kumi na tano, mpaka ukilitamka tu ageuke kutafuta mbegu. Sasa mwonyeshe kijiti nje ya nyaya, karibu na mdomo. Kwa udadisi atakigusa. Papo hapo sema "safi", mpe. Neno litoke wakati mdomo unagusa, si baadaye. Ukichelewa, utakuwa umemsifia kitu kingine.

Akishaelewa, sogeza kijiti kidogo kidogo ili atembee kukifuata, kulia, kushoto, juu, mlangoni. Dakika tatu hadi tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, kabla ya mlo ili mbegu iwe na thamani. Acha angali anataka. Kinda uliyemchosha ndiye anayekuuma kwenye zoezi la mwisho, nawe ukaondoka ukidhani siku nzima imeharibika.

Ndani ya wiki mbili jirani yangu alikuwa akimwongoza kinda upande wa pili wa kizimba kwa kijiti, kisha anatoa bakuli bila ugomvi. Kuumwa kwa bakuli kuliishia hapo, hata kabla hajafundishwa kupanda mkononi.

Hatua ya sita: kupanda

Kabla ya kufungua mlango wa kizimba, zima panga boi na usubiri lisimame kabisa. Funga madirisha, funika vioo, toa paka, hakikisha hakuna sufuria motoni. Usinilaumu kwa orodha hii, panga boi limeua ndege wengi.

Weka mkono wa kushoto kama ukingo, vidole pamoja, chini kidogo ya kifua chake. Kwa mkono wa kulia shika kijiti upande wa pili, ili kukifikia lazima akanyage mkono. Mguu mmoja ukigusa, "safi", mbegu, basi kwa leo. Kesho miguu miwili. Baadaye ndipo uongeze neno "panda" kabla ya mkono kufika. Akiegemea nyuma, usimsukume tumboni. Wengi hufundisha hivyo na ndege hupanda kweli, ila anapanda kwa kulazimishwa, na siku atakayokuwa mkubwa atakataa kwa mdomo.

Akipanda, mrudishe mara moja kizimbani, mpe mbegu, mpandishe tena. Asije akajifunza kuwa kupanda maana yake ni kuisha starehe.

Begani asikae mpaka awe anapanda na kushuka kila unapomwambia. Akiwa begani humwoni macho wala manyoya, naye yuko karibu na jicho lako, sikio na midomo.

Kumpapasa ni kichwani na shingoni tu, ukienda kinyume cha manyoya taratibu. Mgongoni na chini ya mabawa humwamsha hamu ya kujamiiana akishakua, na hapo huja ukali mwingine.

Akiuma kweli

Atauma. Ukiwa umejiandaa, hutapoteza kazi uliyofanya.

Usipige kelele. Kasuku anapenda kelele, kwake ni ngoma, na akiona mdomo mmoja umefanya mtu mzima aruke na kulia, atataka kuona tena. Usimpulizie usoni, usimtikise, usimrushe. Pumua. Kama amekung'ang'ania, sukuma mkono kidogo kuelekea kwake badala ya kuuvuta. Mara nyingi ataachia ili asipoteze mizani. Ukivuta, ngozi ndiyo inayochanika. Kisha mshushe polepole mahali pa karibu, meza au kijiti, umgeuzie mgongo kwa nusu dakika, si zaidi. Ukirudi, mwombe kitu rahisi anachokiweza, kama kugusa kijiti, umlipe.

Usimfungie kizimbani saa nzima kama adhabu. Hatajua kwa nini, na atakichukia kizimba. Halafu fungua daftari, uandike nini kilitangulia. Karibu kila mara utakuta dalili uliyoiona ukaipuuza, au uliyokuwa huiangalii.

Jeraha lioshe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, ubane mpaka damu ikome. Likiwa na kina, au kwenye kiungo cha kidole, au likianza kuvimba, nenda hospitali. Na ukipata homa na kikohozi, mwambie daktari kuwa unafuga ndege, kwani yako maradhi ya kasuku yanayompata binadamu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu. Ndiyo maana kizimba kinasafishwa kwa kulowanisha kwanza.

Mpe kitu halali cha kutafuna

Mdomo lazima ufanye kazi. Sisi Tanga hatuna sababu ya kununua midoli ya plastiki. Kifuu cha nazi kilichotobolewa ukaficha ndani kipande cha karoti, kigunzi cha hindi, gome la mpera, boksi lisilo na wino mwingi, vyote hivi vitamshughulisha asubuhi nzima. Kamba ya mkonge ni nzuri sana ikiwa haijatiwa mafuta ya mashine. Tuna historia nao, tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta huku mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Fundo liwe fupi na limekazwa. Likianza kuchanika nyuzi ndefu, liondoe, kwa sababu nyuzi hujizungusha kwenye kidole cha mguu mpaka kikafa, au zikamezwa zikaziba koo.

Akikushika kidole kwa nguvu wakati wa kucheza, sema "taratibu" kwa sauti ya chini, mkabidhi kifuu. Akikitafuna, "safi". Baada ya mara nyingi atakuwa anakitafuta mwenyewe.

Watoto na wageni

Mtoto asiachwe peke yake na kinda. Si kwa sababu ndege ni mbaya. Mtoto mdogo havumilii kidole kisitikisike, na hapaswi kulaumiwa. Mpe kazi ya kudondosha mbegu kwenye kikombe. Binti yangu alianza hivyo akiwa na miaka mitano, na hadi leo Chiku humwita kabla hajaniita mimi. Wageni waambie kabla hawajavua viatu: hakuna kidole kati ya nyaya. Mjomba mmoja anayependa kumchokoza ndege ili acheke atabomoa kazi yako ya mwezi.

Akirudia baada ya kuacha

Wakati wa kubadilisha manyoya, yale mapya yanayochomoza huuma akiguswa. Mpunguzie kupapaswa, mpulizie maji safi ya vuguvugu kwa matone madogo. Akifika balehe, kwa wa kijivu ni kama kati ya miaka mitatu na mitano, kwa wale wadogo hata kabla ya mwaka kwisha, atakujaribu upya. Rudi hatua ya nne bila kinyongo.

Lakini ndege mpole akianza kuuma ghafla bila sababu unayoiona, fikiria ugonjwa kwanza. Ndege huficha maumivu mpaka hali iwe mbaya. Akivimbisha manyoya mchana kutwa, akikaa chini ya kizimba, mkia ukipanda na kushuka kila anapohema, usingoje kesho. Tafuta daktari wa mifugo, na muulize mapema kama amewahi kutibu kasuku, maana wengi wamezoea kuku.

Wiki ya tano jirani yangu alinipigia simu alfajiri, sauti ya chini kama mtu aliye msikitini. Alisema kinda ameshika kidole chake kwa mdomo, akakipima, akakipima tena, kisha akainua mguu akapanda. Nikamuuliza, na mkono? Akasema mkono haukutikisika, ila magoti ndiyo yaliyotetemeka.